Mpango wa mionzi ukipita kipimo, umepita kipimo gani hasa?

Kwenye vituo vya tiba ya mionzi kuna ripoti moja ambayo ikishatoka tu kila mtu anapumua. Ina picha mbili za rangi rangi, moja ni dozi ambayo kompyuta imesema itatoka na nyingine ni dozi ambayo mashine imetoa kweli, chini kuna namba, tuseme 98.3, na neno la kijani kwamba mpango umepita. Inapigwa sahihi, faili linafungwa, kesho yake mgonjwa analazwa kwenye meza ya mashine anaanza tiba. Sina ugomvi na hiyo ripoti. Ugomvi wangu ni mzigo tuliouweka juu yake, maana siku hizi ukiuliza mpango wa mgonjwa fulani umehakikiwa unajibiwa ndio, gama yake, yaani ile namba ya chini ya ripoti, ni 98, na hapo mazungumzo yameisha. Kumbe hiyo gama imejibu swali moja tu, tena lile jepesi.

Maswali yapo mawili. La kwanza, mashine inaweza kutoa kile ambacho mpango unasema? La pili, mpango wenyewe ni sahihi kwa huyu mgonjwa, yaani picha ni zake, upande ni wenyewe, dozi ndiyo daktari aliyoikusudia, na mionzi aliyowahi kupigwa miaka ya nyuma imehesabiwa? Swali la kwanza tunalipa saa nzima za jioni mashine ikiwa imeachwa na wagonjwa, la pili tunalipa dakika chache katikati ya simu na vikao. Sasa ukirudi kwenye ajali za mionzi zilizochunguzwa na kuandikwa, nyingi zimepita mlango wa swali la pili, au zimepita chini kabisa, kwenye namba za msingi ambazo gama haizigusi.

Kwa asiye wa fani nieleze kidogo. Mashine nyingi za sasa ni linaki, yaani mashine inayotengeneza mionzi kwa umeme, inazunguka mgonjwa huku kolimeta yake, ambayo ni safu mbili za majani membamba ya tungsteni, ikifunguka na kufunga ili mionzi ichukue umbo la uvimbe kutoka kila pembe. Daktari anachora uvimbe kwenye CT skani, kipande kwa kipande, anachora na viungo vya kuvilinda kama uti wa mgongo na mapafu, anaandika dozi, mfano grei 60 (grei ni kipimo cha dozi) zigawanywe mara 30, halafu programu inatafuta yenyewe majani yakae wapi na mashine itoe mionzi kiasi gani kila sekunde. Matokeo yake ni mamia ya maumbo. Hakuna binadamu anayeweza kuyatazama akajua kwamba jani fulani likifika nyuzi 140 litakuwa limesogea milimita mbili zaidi ya inavyotakiwa. Ndo maana tunapima, tunachukua fantomu, yaani bonge la plastiki lenye vitambuzi ndani, tunalilaza pale anapolala mgonjwa, tunaupiga mpango wote kama ulivyo.

Gama ndiyo njia ya kulinganisha. Daniel Low na wenzake waliiandika mwaka 1998 na wazo lake ni zuri, kila nukta iliyopimwa inaulizwa kama jirani yake, ndani ya milimita kadhaa, ipo nukta ya kwenye mpango ambayo dozi yake haitofautiani kwa zaidi ya asilimia kadhaa. Mwaka 2018 kikundi kazi namba 218 cha AAPM, chama cha wanafizikia tiba cha Marekani, kilipendekeza asilimia 3 na milimita 2, nukta zikipita asilimia 95 endelea, zikishuka chini ya 90 simama utafute tatizo. Vituo vingi duniani vinafuata hayo au kitu cha karibu na hayo.

Kabla sijaendelea kuinanga nitende haki. Mwaka 2005 kule New York mgonjwa wa saratani ya eneo la kichwa na shingo alipigwa mionzi mara tatu huku kolimeta ikiwa wazi kabisa, majani hayakusogea hata moja, kwa sababu mpango wake ulirekebishwa, kompyuta ikagoma wakati wa kuhifadhi, na faili la majani likapotea ilhali dozi ilibaki. Alipata kama grei 13 kila siku badala ya 2 hivi. Kipimo kwenye fantomu kingelionyesha hilo mara moja, picha ya mpango ingekuwa na umbo na picha ya mashine ingekuwa dirisha tupu. Kipimo kilifanyika kweli, ila kilifanyika baada ya dozi ya tatu. Na kwenye skrini ya chumba cha kuendeshea mashine ilionekana kolimeta iko wazi, mara zote tatu. Kwa hiyo anayeniambia kupima ni kupoteza muda namrudisha hapo, na ajali hiyo inaonyesha pia kwamba ukaguzi wowote una maana ukitangulia tiba. Ukija baada yake umeshakuwa uchunguzi wa ajali.

Sasa tuje kwenye udhaifu. Asilimia 95 ya nukta zimepita, sawa, na zile 5 zilizofeli ziko wapi? Ripoti haikulazimishi kuuliza. Zinaweza zikawa zimetawanyika pembeni huko ambako dozi ni kidogo na hamna shida, au zikawa zimerundikana zote kwenye ukingo kati ya uvimbe na uti wa mgongo, pale dozi inaposhuka ghafla ndani ya milimita chache, na namba ya juu ikawa ile ile. Mwaka 2011 Benjamin Nelms na wenzake walionyesha kwamba kiwango cha kupita kwa gama ya aina hiyo hakitabiri vizuri makosa ya dozi ndani ya viungo vya mgonjwa, ipo mipango iliyopita vizuri ikiwa na kosa lenye maana na ipo iliyopita kwa shida ikiwa haina neno. Halafu fantomu yenyewe ni plastiki ile ile kila mahali. Haina pafu, haina mfupa, haina jino lenye madini. Mionzi inavyotembea ndani ya pafu ni kitu kingine kabisa, programu za zamani zilikuwa zinakosea sana hapo, na plastiki haitakwambia hata siku moja.

Kuna kituo Houston, Marekani, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikituma fantomu ya kichwa na shingo kwa hospitali zinazotaka kushiriki majaribio ya tiba. Hospitali inaifanyia kila kitu kama mgonjwa, inaipiga skani, inapanga, inaipiga mionzi, inairudisha isomwe na watu wengine. Kigezo cha kupita kilikuwa kilegevu ukilinganisha na tunachotumia wenyewe, asilimia 7 na milimita 4. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, kati ya fantomu 250 karibu 3 kwa kila 10 zilifeli. Na hizi hazikuwa hospitali za mtu anayejifunza, zilikuwa hospitali zenye vifaa na zenye mazoea ya kupima mipango yao zenyewe. Baadaye hali ikawa nzuri zaidi, lakini funzo lilibaki kwamba kituo kikijipima chenyewe, kwa kifaa chake, kwa data zake, kinaweza kujipa alama nzuri na bado kikawa kimekosea.

Halafu kuna namba ambayo mimi nikiitaja kwenye maongezi watu wananiangalia vibaya. Eric Ford na wenzake mwaka 2012 walichukua matukio yaliyoripotiwa kwenye vituo viwili, wakachuja yale karibu 300 yaliyokuwa na uwezo wa kumdhuru mgonjwa vibaya, wakauliza kila aina ya ukaguzi ingekamata mangapi. Mwanafizikia kukaa na kusoma faili na mpango wa mgonjwa kwa makini ilikamata kama asilimia 63. Kipimo cha fantomu kabla ya tiba, kile tunachokitolea jasho usiku, asilimia 1.4. Sio 14, ni moja nukta nne. Na hakuna ukaguzi mmoja uliokamata vyote, ilibidi urundike kadhaa ndipo ukakaribia mia. Unaweza kubisha kwamba matukio yanayoripotiwa sio matukio yote, kwamba kosa la majani ya kolimeta likitokea linaweza lisionekane na mtu hivyo haliingii kwenye hesabu, na hiyo hoja naikubali. Lakini hata ukiiongeza mara kumi bado haifiki hata robo ya kile kinachofanywa na mtu mwenye macho, kiti na muda.

Muda ndio hatuna, au tunasema hatuna.

Nieleze huko kusoma mpango kunakuwaje, maana kwenye fomu kunaandikwa mpango umekaguliwa na watu wanadhani ni kupitisha macho. Mimi nikifungua mpango kitu cha kwanza sio rangi za dozi, rangi zinapendeza na zinakuvuta, zinakufanya uone kazi imeisha. Naanza na jina, tarehe ya skani na mgonjwa alilala vipi, kichwa kwanza au miguu kwanza, chali au kifudifudi, kwa sababu hapo ndipo kushoto na kulia vinapogeukana. Naenda kwenye barua ya daktari na majibu ya patholojia, sio kwenye fomu ya dozi, fomu ya dozi inaweza kuwa imekosewa na mpango ukaifuata kwa uaminifu wote. Patholojia inasema titi la kushoto, mpango uko wapi? Halafu dozi, jumla na ya kila siku na idadi, zihesabiwe kwa kichwa, 60 ukigawanya kwa 30 ni 2, na kama daktari kaandika 30 kwa 10 hiyo ni 3 kwa siku na ni dawa tofauti kabisa, usiseme ni grei tu.

Ndipo naingia kwenye michoro. Napita kipande kwa kipande, sio kwa kuburuza panya haraka, mchoro wa uti wa mgongo mara nyingi unakatika katikati, vipande viwili vitatu havina mstari, na programu haioni uti pale ambapo hukuchora, kwa hiyo itapitisha dozi yoyote na grafu ya uti itaonekana safi. Makosa ya hivi ndiyo yananitisha zaidi kwa sababu yanaifanya ripoti ipendeze. Mtu kachora nje ya mwili kidogo, mtu kasahau kuweka meza ya mashine kwenye hesabu, mtu kaacha dawa ya kung'arisha picha tumboni ikahesabiwa kama mfupa. Nikitoka hapo naangalia alama za ngozi na mshale wa kusogeza, yaani kutoka kwenye vitone alivyochorwa mgonjwa siku ya skani mpaka katikati ya mionzi ni sentimita ngapi na upande gani, kwa sababu sentimita 3 kushoto na sentimita 3 kulia zimeandikwa kwa tarakimu ile ile, na kipimo cha fantomu hakijui kitu kuhusu hilo, fantomu inapimwa ikiwa imepangwa katikati tayari.

Mwisho kabisa ndiyo naangalia kiasi cha mionzi ambacho mashine imeambiwa itoe. Mashine inahesabu mionzi inayotoa kwa yuniti, na linaki nyingi zinakalibretiwa ili yuniti moja itoe sentigrei moja, yaani sehemu ya mia ya grei, kwenye hali maalumu ya kupimia, kwa hiyo mpango rahisi wa grei 2 ukija na yuniti 200 na ushee hushtuki, ukija na 90 au 900 unaweka kikombe chini. Mpango wa kisasa wenye majani yanayotembea unakula yuniti nyingi zaidi, ila hata huo una kawaida yake, ukikaa na mipango ya tezi dume miezi kadhaa unaijua. Hisia ya namna hiyo haimo kwenye programu yoyote na inapotea pole pole kadri tunavyoacha kupiga hesabu.

Hapo ndipo naingia kwenye neno huru. Kila mwongozo unasema hesabu ya dozi irudiwe na njia huru, na siku hizi kila kituo kina programu ya pili inayorudia hesabu ya programu ya kwanza kwa sekunde chache. Huru kwa maana gani lakini? Tuchukue Costa Rica 1996. Mashine ya kobalti, ambayo mionzi yake inatoka kwenye chanzo cha kobalti na sio kwenye umeme, ilibadilishiwa chanzo hicho, ikabidi ipimwe upya inatoa kiasi gani kwa dakika. Saa ya mashine ilikuwa inasoma kwa desimali za dakika. Dakika 0.3 ni sekunde 18, ikachukuliwa kama sekunde 30. Basi, kosa ni hilo tu. Mionzi iliyotoka kwa sekunde 18 ikagawanywa kwa 30, chanzo kikaonekana dhaifu kuliko kilivyo, muda wa tiba wa kila mgonjwa ukarefushwa kwa zaidi ya nusu, na wagonjwa 115 wakapata dozi ya kupita kiasi kabla mtu hajagundua. Weka pale programu ya pili ya kisasa kabisa, uipe namba ile ile ya chanzo, itakubaliana na ya kwanza mpaka desimali ya mwisho. Hesabu mbili zinazokunywa kisima kimoja haziwezi kushuhudiana.

Stoke-on-Trent, Uingereza, inauma kwa namna nyingine. Kabla ya kununua programu ya kupanga walikuwa wanarekebisha wenyewe dozi pale umbali wa mgonjwa kutoka kwenye mashine ulipokuwa tofauti na wa kawaida. Mwaka 1982 wakapata programu, na programu ilikuwa inafanya marekebisho hayo yenyewe. Hakuna aliyewaambia, au hakuna aliyeuliza, wakaendelea kurekebisha mara ya pili kwa mkono. Wagonjwa zaidi ya elfu moja wakapata dozi pungufu, wengine asilimia 5, wengine mpaka 30, na hilo likaenda hadi 1991 walipoleta mfumo mpya wa kupanga na namba zikagoma kulingana. Dozi ikizidi ngozi inaungua na mtu anapiga kelele. Dozi ikipungua mgonjwa anajisikia vizuri, anashukuru, anaenda nyumbani, na saratani inarudi baada ya miaka na kila mtu anasema ndivyo ugonjwa ulivyo. Kwa hiyo kutoona malalamiko sio ushahidi wa kitu, na mimi nashangaa ni mara ngapi nimesikia mtu akisema mbona wagonjwa wetu wako sawa.

Panama mwaka 2000 kuelekea 2001 ni ya programu yenyewe kudanganyika. Ilikuwa inakubali bloku nne tu za kukinga sehemu za mwili, daktari akataka tano, wahusika wakabuni njia ya kuziingiza kadhaa kama umbo moja. Njia mojawapo ya kuziingiza ilifanya programu itoe muda wa tiba karibu mara mbili, bila onyo lolote, na mchoro kwenye skrini haukukushtua. Wagonjwa 28 waliathirika na kadhaa walikufa kwa mionzi hiyo. Timu ya IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, iliyoenda kuchunguza ilikuta kwamba majibu ya kompyuta hayakuwa yanakaguliwa kwa hesabu ya mkono. Kalkuleta ya dakika tano ingesema huu muda ni mara mbili ya kawaida, kuna nini?

Na Épinal, Ufaransa, 2004 na 2005, ndiyo ninayoirudia kila mtu anaponiambia tumeboresha mfumo. Walihama kutoka kabari za chuma, yaani vipande vya kupunguza mionzi zaidi upande mmoja, kwenda kabari za kielektroniki, ambazo ni mlango wa kolimeta unaotembea. Programu ilikuwa kwa Kiingereza, watumiaji Wafaransa, mafunzo mafupi, wakachanganya aina mbili za kabari na wagonjwa zaidi ya 20 wakazidishiwa dozi vibaya. Wengi wanaishia kwenye lugha. Mimi nasimama kwenye jambo la pili, kwamba kabla ya hapo walikuwa na hesabu ya pili na walikuwa na vitambuzi vya kubandika kwenye ngozi ya mgonjwa, ila hivyo vyote havikufanya kazi vizuri na kabari mpya, kwa hiyo vikawekwa pembeni. Teknolojia ilipanda ngazi na ukaguzi ukaachwa chini kwa sababu ulikuwa wa teknolojia ya zamani. Kila siku tunafanya hivyo hivyo kwa adabu zaidi. Tunaleta kompyuta ya kuchora viungo yenyewe, tunafurahi kazi ya saa mbili imekuwa dakika tatu, halafu hatuulizi zile saa mbili za daktari kutazama kila kipande zilikuwa zinakamata nini, maana alipokuwa anachora alikuwa pia anakagua bila kujua.

Hata mtu wa pili kusaini sio dawa yenyewe. Glasgow mwaka 2006 msichana mdogo aliandikiwa grei 35 kwa mara 20, akapata grei 55.5 kwa mara 19. Aliyepanga hakuwa na uzoefu wa kutosha na mpango wa aina ile, mfumo ulikuwa umebadilishwa na jinsi ya kuandika yuniti ikabadilika nao, fomu ikajazwa kwa namba ya mtindo mmoja na kusomwa kwa mtindo mwingine. Ukaguzi ulikuwepo na ulipita nayo. Ukaguzi wa mtu aliyefundishwa kazi hiyo hiyo kwa njia hiyo hiyo na kupewa fomu hiyo hiyo unaona alichoona wa kwanza. Kama fomu ina masanduku 40 ya kuweka alama, mkono utaweka alama 40, mimi huwa naona fomu nzuri ni ile inayokulazimisha kuandika kitu ulichokihesabu mwenyewe, mfano umbali wa ngozi uliopimwa, au yuniti ulizokadiria kabla hujaona za kompyuta.

Kuna jambo la mamlaka pia ambalo halipendi kuandikwa. Mpango unafika kwa mwanafizikia saa kumi jioni, mgonjwa ameshapangiwa saa mbili asubuhi, ndugu zake wameshaambiwa, daktari yuko kwenye kikao. Unaona kitu hakikai sawa, sio kosa la wazi, ni kitu tu. Ukisimamisha unakuwa yule anayechelewesha, ukipitisha hakuna atakayejua. Kwenye mazingira hayo mwongozo wowote, hata ripoti ya AAPM namba 275 ya mwaka 2020 ambayo imeorodhesha kwa kina vitu vya kuangalia, unakuwa mapambo. Kituo kinachotaka ukaguzi wa kweli kiweke muda wa lazima kati ya mpango kukamilika na dozi ya kwanza, saa 24 au siku mbili, na iwe ni daktari anayeomba kuuvunja kwa maandishi, sio mwanafizikia anayeomba kuongezewa. Uzito wa kuomba uhamie upande ule.

Najua kinachofuata. Vituo vyenye mwanafizikia mmoja vifanyeje? Mtu anakalibreti asubuhi, anapanga mchana, anapima usiku, na mkaguzi wa kazi yake ni yeye. Hapo naomba tuache ndoto za kufanya kila kitu na tupange kwa hatari. Kwanza namba ya msingi ya mashine iangaliwe na mtu wa nje, na hilo halina kisingizio sana maana IAEA na WHO wanaendesha ukaguzi wa posta tangu 1969, wanakutumia kitambuzi kidogo, unakipiga grei 2 kama ungempiga mgonjwa, unakirudisha kikasomwe Seibersdorf huko Austria, ukitoka nje ya asilimia 5 wanakutafuta. Kobalti ya Costa Rica ingekamatwa na bahasha. Pili, hesabu ya mkono kwa mpango wowote unaohesabika kwa mkono. Tatu, kusoma faili siku tofauti na siku ya kupanga, hata kama ni wewe mwenyewe, macho ya kesho sio ya leo, na mteknolojia wa mionzi apewe ruhusa ya kweli ya kuuliza, yule ndiye anayemwona mgonjwa na skrini kwa wakati mmoja. Kipimo cha fantomu kwa kila mgonjwa ningekiweka nyuma ya hayo yote, na pale ambapo aina ya mpango imeshapimwa mara nyingi bila tatizo na mashine inaangaliwa kila siku ningekubali wapime sampuli na muda uliobaki uende kwenye kusoma. Najua wapo watakaonikatalia hapa, na kwa mashine mpya au mbinu mpya wako sahihi, pima zote.

Siku ya kwanza yenyewe nayo ni ukaguzi. Linaki nyingi zina paneli ya picha upande wa pili wa mgonjwa, mionzi inayopita mwilini inaweza kusomwa pale na kulinganishwa na ilivyotegemewa, na hii inakamata yale ambayo fantomu haiyajui, mgonjwa aliyekonda tangu siku ya skani, meza iliyowekwa vibaya, mpango wa mgonjwa mwingine. Vituo vingi vina paneli hiyo na vinaitumia kuangalia mkao tu. Kuiwasha kwa dozi kunahitaji kazi ya miezi kadhaa ya kuiandaa, sawa, ila ni kazi ya mara moja.

Na dharura je, mtu ambaye uti wa mgongo unabanwa na uvimbe na akisubiri siku mbili hatatembea tena? Huyo hasubiri. Lakini na mpango wake usiwe wa majani yanayocheza kutoka pembe 200, apewe uwanja mmoja au miwili ya kawaida, yaani mionzi ya kutoka pembe moja au mbili tu, umbo la mstatili, yuniti zihesabiwe kwa jedwali na kalkuleta na watu wawili kila mmoja kwenye karatasi yake, walinganishe, aanze jioni hiyo hiyo. Mpango wa kisasa, kama bado unahitajika, utengenezwe huku ameshaanza, upitie foleni ya ukaguzi kama mipango mingine, aje ahamishiwe kwenye dozi ya tatu au ya nne.